Uzi: Mtoto akianguka mwembeni baba analaumiwa. Lile shimo la matofali nyuma ya nyumba analaumiwa nani?

Fundi wa Walukuba (mwenye uzi)

Habari zenu ndugu. Huu uzi ni mrefu nivumilieni. Akina mama karibuni pia ila leo nawatafuta hasa akina baba wenzangu, kuna jambo limenikaa kooni wiki tatu sasa.

Niko Jinja, Walukuba, kazi yangu kuchomelea mageti na madirisha. Nina watoto watatu, mkubwa msichana wa miaka 11, wa kati mvulana wa miaka 8 yuko P3 (darasa la tatu), mdogo ndio kwanza anajifunza kukimbia. Huyu wa kati kaanguka mwembeni kavunjika mkono. Na sio kwamba alitoroka akaenda kupanda kwa siri, hapana, nilikuwa chini ya mti na mimi ndiye nilimwambia panda.

Ilikuwa hivi. Ule mwembe uko nyuma ya laini yetu ya nyumba, mzee sana, matawi ya chini mtu mzima anayafikia kwa mkono. Dogo alikuwa amenisumbua mwezi mzima, baba nataka lile embe la juu, baba mbona wenzangu wanapanda. Jumapili moja nikamwambia haya, vua viatu. Nikamfundisha kama nilivyofundishwa mimi kazini kupanda ngazi, una mikono miwili na miguu miwili, vitatu vishike kimoja ndio kitembee, usiachie viwili kwa pamoja hata siku moja. Akapanda. Naona vidole vya miguu vinavyojikunja kwenye gome kama vya mjusi, anapumua kwa mdomo, hasemi neno, na huyo mtoto nyumbani hanyamazi dakika mbili. Akafika kwenye panda ya kwanza akakaa, akanitazama chini, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. Halafu akahamia tawi la pili. Lile tawi lilikuwa halina majani. Mimi niliona halina majani na sikusema, akili yangu yote ilikuwa kwenye kile kicheko. Likakatika pah! akaja chini kimo kama cha mlango, akatanguliza mkono.

Mkono ulipinda juu kidogo ya kiwiko. Nilivua shati nikaufunga kifuani kwake usiyumbe, boda, hospitali, eksirei, plasta. Usiku nililala naye wodini mimi mwenyewe, mke wangu ana mtoto mdogo. Hakulia sana. Alichoniuliza saa nane ya usiku ni hivi, "Baba, lile tawi lilikuwa limekufa?" Nikamwambia ndio. Akasema, "Mbona hukuniambia?"

Hilo swali sijui nitaliweka wapi.

Sasa tangu siku hiyo nimekalishwa vikao vitatu. Kaka zangu wamekuja, majirani wamekuja, mama mkwe kwa heshima yetu ya ukwe hawezi kunigombeza uso kwa uso lakini alimpigia mke wangu na simu ilikuwa kwenye spika, nikasikia yote. Kaka mkubwa akanitupia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia kaka, mtoto alisikia la mkuu, alifanya kila nilichomwambia, mkuu ndiye aliyenyamaza kuhusu tawi. Kosa langu nalikubali na ni kosa la tawi. Sio kosa la kumruhusu kupanda.

Lakini nisikilizeni. Hatua kama sitini kutoka kwenye huo mwembe kuna shimo. Kuna mtu alichimba udongo wa matofali miaka miwili iliyopita, akachoma tanuru lake, akabeba matofali yake akaenda zake, shimo likabaki. Mvua za Machi hadi Mei zikija linajaa, maji ya kijani yametulia, ukiyaangalia utasema yanakuishia magotini. Nimeyapima kwa mti wa kuegemezea mgomba, ule mrefu wenye panda, umezama wote mpaka kwenye kiganja changu. Kingo zake ni udongo wa mfinyanzi, ukilowa ni sabuni, mtoto akiteleza hana pa kushika. Mwezi wa nne watoto wawili waliteleza wakifuata vyura. Mama anayekaanga chapati pale karibu ndiye aliyesikia kelele, akaacha chapati ikiungua akawavuta kwa mti kama huo huo. Mmoja wao alikuwa huyu huyu wangu.

Unajua viliitwa vikao vingapi? Hakuna. Tulisema Mungu mkubwa, mtoto akaogeshwa, akala, tukalala. Shimo liko pale mpaka leo. Na mimi nimo, sijitoi, mimi mwenye gari la mkono na mabati ya kutosha kulizungushia sikunyanyua hata jembe.

Ndio nikaanza kujiuliza, sisi akina baba tunasema tunawakomaza watoto, sawa, tunawakomaza kwa kitu gani? Mti mtoto anauona. Anaona urefu wake, anaona woga wake mwenyewe, akichoka anaweza kusema baba nishushe. Anachagua. Shimo lenye maji ya kijani halimwambii kitu. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda hayamwambii kitu. Waya uliochunika nyuma ya friji, lori linalorudi nyuma, sigiri (jiko la makaa) imewashwa chini mlangoni na sufuria ya maji juu yake, vyote hivyo mtoto wa miaka mitatu hana macho ya kuviona. Hapo hakuna cha kumkomaza, hapo ni kazi ya baba kuinuka.

Usiku wa wodini nilikuwa na bando nikasoma. Kumbe wenzetu wameliandikia hili. Kuna mama mmoja wa Norway anaitwa Ellen Sandseter, mwaka 2007 alipanga michezo ya watoto yenye hatari katika mafungu 6: kwenda juu, kwenda kasi, kutumia vifaa vikali kama visu, kucheza karibu na maji au moto, kupigana mieleka ya utani, na kwenda mahali unapoweza kupotea. Nikajisemea huyu kaandika utoto wangu wote. Na Kanada mtafiti Mariana Brussoni na mwenzake waliwahoji akina baba wenye watoto wa miaka 2 hadi 7, wale baba wakasema kumlinda mtoto ni kazi yao na kumwachia ajaribu pia ni kazi yao, michubuko ni shule, jeraha kubwa ndilo wanalolikinga. Na chama cha madaktari wa watoto wa huko Kanada mwaka 2024 wametoa tamko kabisa la kuunga mkono michezo ya namna hii, na wametenganisha vile vile, kuna jambo gumu ambalo mtoto analiona na anaweza kulipima, na kuna mtego ambao mtoto hawezi kuutambua wala kuumudu. La pili ni la mkubwa kuliondoa.

Kwa hiyo swali langu kwa akina baba ni moja. Wewe unayesema mwache mtoto apande, umefunika nini?

Dereva wa Malaba

Fundi pole kwa mtoto lakini uzi wako unanipa shida. Mimi nimekulia Malaba tunaruka kwenye matrela yanatembea, tunaogelea mtoni bila mtu kutuangalia, nilikatwa na panga hapa kwenye shini nikajipaka majani nikaendelea na mpira. Leo mimi ni mtu mzima naendesha trela mpaka Juba. Watoto wa siku hizi ndio mnawafungia ndani na simu wanakuwa laini kama ugali wa moto. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hayo mashimo yalikuwepo toka zamani na sisi tukakua. Mtoto anafundishwa na dunia.

Mama Mapacha

Niko Kampala, Kisenyi. Nimesoma yote kwa utulivu na naomba mnisikilize nanyi.

Baba anasema mwache apande. Sawa. Mtoto akianguka nani anakaa wodini? Fundi ulilala na mwanao Mungu akubariki, lakini tembeeni wodi za watoto mhesabu akina baba. Ni mama kwenye mkeka chini ya kitanda, ni mama anayebeba beseni, ni mama anafungiwa kibanda sokoni wiki mbili biashara imekufa, baba anapita jioni na mfuko wa machungwa anauliza "anaendeleaje?" Ndio maana mama anasema shuka. Sio kwamba mama ni mwoga, mama anajua bili ya ule mti italipwa na mgongo wa nani. Mkitaka akina mama tulegeze, lipeni hiyo bili pamoja nasi.

La pili, wangu pacha mmoja aliungua uji akiwa na miaka miwili. Sigiri ilikuwa mlangoni kwa sababu chumba ni kimoja, utaiweka wapi? Nilimwomba baba yao kwa miezi aninyanyulie meza ya mabati niweke sigiri juu. Ni kazi ya nusu siku. Alikuwa anasema kesho. Mpaka leo mtoto ana kovu kutoka shingoni mpaka kwapani na huo mkono haunyooki wote.

Fundi wa Walukuba

Mama Mapacha nimekusoma mara tatu. Hiyo ya meza ya sigiri imenichoma kwa sababu mimi kazi yangu ni vyuma na nyumbani kwangu sigiri ilikuwa chini mpaka wiki iliyopita. Nimeshatengeneza, angle bar vipande vinne na bati la juu lenye kingo sufuria isiteleze, kimo cha kiuno changu. Haikufika hata nusu siku.

Ya bili umesema kweli na sina la kukujibu.

Dereva, mimi na wewe utoto wetu ni mmoja, mzee wangu marehemu alikuwa askari na tulikulia kambini tunakimbia kama swala. Lakini naomba unijibu kwa moyo, mliokuwa mnaogelea mtoni mlikuwa wangapi, na mlikua wangapi?

Nesi wa Zamu

Nipo kazini ila zamu imetulia naandika haraka haraka, mnisamehe makosa.

Mkono wa juu ya kiwiko, mtoto akianguka amenyoosha mkono, ndio mvunjiko wa kiwiko tunaouona sana kwa watoto wa umri huo. Mifupa yao inaunga vizuri. Tatizo kubwa ninaloliona sio mti, ni wanakoenda baada ya mti. Wengi wanaanza kwa mtu wa kuunga mifupa kijijini, anakandwa, anafungwa vijiti na kamba imekazwa sana, wanakuja kwetu siku ya nne vidole vyeusi. Kwenye kiwiko kuna mshipa mkubwa wa damu unapita, ukibanwa mkono unakufa. Kwa hiyo hata mtoto akiwa na plasta ya hospitali, kila saa chache mguse vidole: vina joto? anaweza kuvichezesha? anahisi ukimfinya? Vikiwa baridi, vimebadilika rangi, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, usingoje asubuhi, rudi saa hiyo hiyo.

Mama Mapacha pole sana. Kwa wengine: mtoto akiungua ni maji safi ya baridi yanayotiririka dakika 20, jerikeni na kikombe vinatosha, sio barafu. Sio kolgeti, sio yai, sio asali, sio samli. Vitu hivyo tunavikwangua kwa uchungu mtoto analia upya.

Akinywa mafuta ya taa usimtapishe. Najua watu wanakimbilia kumpa maziwa au mafuta ya kupikia ili atapike. Akitapika yanaingia kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yanayoua. Mlete kama alivyo.

Na mafuta ya taa yatolewe kwenye chupa za soda kabisa, mtoto akiona chupa ya soda anaona soda.

Mjukuu wa Bombo

Mimi niseme la upande wa pili. Nyumbani ni Bombo lakini naishi hizi esteti za Kampala, ukuta mita tatu, juu vigae vya chupa, geti, askari. Mwanangu ana miaka 9 na hajawahi kwenda dukani peke yake. Sio kwamba najivunia, naandika kwa aibu. Likizo tulienda Bombo kwa jajja, yaani bibi yake, wenzake wakaruka mtaro yeye akasimama pale akilia, mtaro wa hatua moja. Akasema baba nishike. Miaka 9.

Na hapo hapo nikajiona. Huyu mtoto namkataza kupanda kiti, lakini saa kumi na mbili kasoro asubuhi nampakia kwenye boda yeye wa nne, mbele amekaa wa nasari kwenye tangi la petroli, hakuna helmeti hata moja, dereva anakimbizana na foleni ya Northern Bypass. Na mimi nakunywa chai nikijua mtoto yuko salama kwa sababu "boda ni yetu ya siku zote". Fundi, shimo lako la matofali kwangu ni ile boda. Hatari niliyokuwa namkinga nayo ni ile inayonipa mimi wasiwasi wa macho, ile nisiyoiona nimemwachia.

Nimebadilisha. Tuko wazazi watatu tunachangia gari la jirani, na Jumamosi natembea naye kwa miguu mpaka sokoni, ananiongoza yeye kuvuka barabara. Anasimama, anaangalia, ananiambia "sasa". Mwanzo alikuwa anasema "sasa" gari likiwa karibu namvuta. Wiki hii hajakosea hata mara moja.

Mwalimu wa Tororo

Nawasalimu wote. Nafundisha P3 na P4, niongeze moja tu maana mengi yamesemwa. Wote humu mnazungumza wavulana. Fundi una msichana wa miaka 11, yeye umemfundisha kupanda? Kwetu wasichana wanaambiwa msichana hapandi mti, ni mila, siitukani mila. Lakini matokeo yake nayaona uwanjani, mvulana akianguka anajua kujikunja, msichana anaanguka kama gunia. Kuogelea ndio kabisa. Maji hayaulizi huyu ni wa kike au wa kiume.

Pia wazazi mkumbuke mwalimu ana watoto 90 darasani. Mtoto akichubuka goti mnakuja na panga, ndio maana mkuu wa shule anafunga uwanja wanakaa chini ya mti wanahesabu mawingu. Mwamba wa Tororo uko pale tunautazama dirishani kila siku, watoto wangu wengi hawajawahi kufika juu hata mara moja na wazazi wao wameupanda wote.

Fundi wa Walukuba

Mwalimu umenishika. Huyo mkubwa alikuwa amesimama pembeni siku ile ameshika kapu la maembe. Hakuomba na mimi sikumwita.

Mvuvi wa Masese

Fundi tuko jirani, mimi niko huku mwaloni. Siandikagi ila huyu dereva amenigusa.

Dereva ndugu yangu umesema mlikua. Sisi nyumbani tulikuwa watano wavulana, baba mvuvi, na baba hakutufundisha maji, alisema hivyo hivyo, mtoto anafundishwa na ziwa. Mimi nilifundishwa. Mdogo wangu anayenifuata hakufundishwa. Alikuwa na miaka 7, alifuata mtumbwi uliofunguka kamba, maji yalikuwa kifuani halafu ardhi ikakata. Kaka yetu mkubwa aliruka kumfuata naye hajui vizuri, mdogo akamshika shingo. Mkubwa alitolewa akiwa hai, mdogo tulimpata siku ya pili kwenye magugu maji. Kaka mpaka leo hawezi kula samaki na baba mpaka anakufa hakutaja tena jina la yule mtoto. Kwa hiyo ukisema "tulikua", tulikua sisi tunaoandika.

Mimi wanangu nimewafundisha wote, wa kike na wa kiume. Kwanza kuelea chali masikio ndani ya maji, hilo kabla ya kupiga mikono, mtoto anayejua kuelea ana muda wa kuita. Nimewafunga kamba kiunoni na mwisho wa kamba nimeshika mimi. Wanameza maji, wanakohoa, wanaogopa, wanarudi. Mke wangu alikuwa ananuna sasa anakaa ufukweni anahesabu.

Na kitu kingine muhimu, mtu akizama USIRUKE kama hujafundishwa, utakuwa maiti wa pili. Chukua jerikeni tupu la lita 20, funga kifuniko, funga kamba kwenye mpini wa jerikeni, mtupie. Jerikeni tupu linambeba mtu mzima, sembuse mtoto. Kila nyumba Uganda ina jerikeni. Kila penye shimo au kisima cha wazi paninginie jerikeni na kamba, sio la kuchotea, lisiguswe. Kama huna, mti mrefu, kama alivyofanya yule mama wa chapati. Lala kifudifudi kabla ya kumvuta, ukisimama atakuingiza.

Nesi wa Zamu

Mvuvi asante na pole kwa mdogo wako. Naongezea, akitolewa majini hapumui msimning'inize kichwa chini wala msimkamue tumbo, mnapoteza dakika. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni uone kifua kinapanda, halafu bonyeza kifua katikati kwa nguvu na haraka, mara 30, pumzi 2, endelea hivyo njia nzima mpaka mfike. Hata akizinduka mleteni aangaliwe, mapafu yanaweza kuleta shida baadaye.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwishoni mwa 2024, mwaka 2021 peke yake watu kama 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo ni watoto chini ya miaka 5. Na kila mwaka tarehe 25 Julai ni siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji. Wanachopendekeza ni vitu vya kawaida kabisa: funika au zungushia maji, wadogo wawe na mtu wa kuwaangalia hasa ile saa za asubuhi wakubwa wako kazini, walio umri wa shule wafundishwe kuogelea, na majirani wajue kuokoa.

Dereva wa Malaba

Nimesoma ya mvuvi nikapaki pembeni.

Fundi umeniuliza tulikuwa wangapi. Tulikuwa kundi la kama tisa. Mmoja alikanyagwa na trela tukiwa P5, alikuwa amelala kivulini chini ya gari, dereva hakujua. Nilikuwa nimemsahau kabisa katika kuandika kule juu na sijui nilimsahauje, mimi mwenyewe leo kabla ya kuwasha gari nazunguka nikiinama kuangalia chini na turniboi (utingo) wangu hajui kwa nini.

Bado nasema watoto wasifungiwe. Hapo sirudi nyuma. Wangu watapanda, wataogelea. Lakini nimekuwa nikiwaambia watoto muwe wanaume na mimi niko Juba wiki tatu. Nani anawaangalia? Mama yao. Mama Mapacha nimekusikia.

Mvuvi, hiyo ya kuelea chali unaanzaje na mtoto anayeogopa?

Mvuvi wa Masese

Maji ya kifua chake, yametulia, asubuhi kabla ya upepo. Kiganja chako kimoja chini ya kisogo, kingine mgongoni. Mwambie aangalie mawingu, ajaze kifua hewa kama anataka kuita mtu wa mbali. Usitoe mkono bila kumwambia. Ukimdanganya mara moja, ukamwachia ukisema nimekushika, umemaliza, hatakuamini majini tena. Mwambie sasa natoa mmoja. Sasa natoa wa pili. Siku ya kwanza atazama, siku ya nne hatazama. Na kwetu huku waulizeni wenyeji kwanza, kuna maji ya kichocho na kuna mahali mamba na kiboko wanapita, sio kila ufuo ni wa kuchezea.

Mama Mapacha

Fundi hiyo meza ya sigiri unauza shilingi ngapi? Na shimo je? Umeandika kila kitu hujasema shimo umefanya nini.

Fundi wa Walukuba

Mama Mapacha meza sikuuzii, nipe upana wa sigiri yako nitaituma na taksi za Kampala.

Shimo. Jana jioni nilienda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu. Mwenye kiwanja hapatikani kwa simu, mwenyekiti kasema tusimsubiri, yeye ataandika barua ya kwamba wakazi wameamua. Kulijaza lote ni tripu nyingi za kifusi hatuna hizo pesa kwa sasa. Tumekubaliana hivi: tuchimbe mfereji upande wa bondeni maji yashuke, tupunguze kingo ziwe mteremko mtoto aweze kutambaa kutoka, na nitazungusha mabati na nguzo za chuma nilizonazo. Kifusi tutaleta kidogo kidogo, kuna jamaa anabomoa nyumba Masese kasema tubebe bure. Jerikeni na kamba nimeshaning'iniza leo asubuhi kwenye mti wa mama chapati, yeye ndiye mlinzi wake.

Na mtoto, plasta imetoka Jumatatu. Mkono umekonda, unanuka, anaufurahia. Leo nimemkuta chini ya mwembe na dada yake. Hakupanda, daktari kasema asubiri. Alikuwa ameshika kijiti anagonga matawi ya chini moja moja anasikiliza, hili zima, hili zima, hili limekufa baba, sikia. Nikagonga na mimi. Kweli lilikuwa limekufa. Nimelikata. Dada yake akauliza yeye atapanda lini, nikamwambia vua viatu.

Kazi ya shimo ni Jumamosi. Walioko Walukuba na Masese tunahitaji majembe, sepeo na matoroli. Watoto wakubwa waje, wadogo wabaki na mtu.

Mvuvi wa Masese

Nina toroli moja na vijana wawili. Saa ngapi?

Fundi wa Walukuba

Saa moja asubuhi, kabla ya jua kali. Njoo na kamba ndefu.

Nesi wa Zamu

Natoka zamu saa mbili. Nitapitia hapo.